Kuifikia Plagi ya Nne

Miongoni mwa kazi za matunzo ya gari ambazo mwenye gari anaweza kuzifanya nyumbani bila kuwa fundi, kubadilisha plagi hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo nyepesi kuliko zote. Kwa gari lenye silinda nne zilizosimama wima, huku plagi zake zimepangwa juu kwa mstari mmoja mbele ya macho ya anayefungua boneti, maelezo hayo ni ya kweli. Lakini magari mengi yanayotembea katika barabara za Afrika Mashariki hayakuundwa hivyo. Toyota Hiace na Toyota Noah za zamani zina injini chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kazi huanzia ndani ya gari kwa kuinua kiti. Toyota Harrier ya silinda sita ina plagi tatu zilizobanwa kati ya injini na ukuta unaoitenga injini na chumba cha abiria. Na Subaru ina plagi zinazotazama pembeni, kila jozi ikiwa imeelekea kwenye chuma cha bodi kilicho karibu nayo kiasi kwamba mkono wa mtu mzima hupita kwa shida. Mazungumzo haya yanashughulikia Subaru, kwa sababu ndiyo inayodhihirisha wazi zaidi jambo ambalo wenye magari hawalitilii maanani, yaani kwamba sehemu iliyo ngumu kufikiwa huishi bila kukaguliwa, na sehemu isiyokaguliwa ndiyo inayozaa gharama.

Plagi ni kifaa kidogo kinachowasha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda, ambayo ni tundu la mviringo ambamo pistoni husukumwa huku na huko. Katikati ya plagi pana ncha ya madini iliyozungukwa na kauri isiyopitisha umeme, na nje ya kauri hiyo kuna gamba la chuma lenye hesi, yaani mifuo ya mzunguko inayoishikiza plagi katika kichwa cha silinda. Kwenye ukingo wa gamba hutokeza kijiti kilichopinda kuielekea ncha ya katikati, na kati ya viwili hivyo huachwa mwanya ambao, kwa injini nyingi za Subaru zisizo na turbo, ni wa takriban milimita 1 hadi 1.1. Koili hupokea umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri na kuupandisha hadi makumi ya maelfu ya volti, na umeme huo unapouruka mwanya hutoa cheche. Injini ya mipigo minne inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huhitaji cheche 1,500 katika dakika hiyo, sawa na 25 kwa kila sekunde, na kila cheche hung'oa chembe ndogo mno ya madini, hivyo mwanya hupanuka polepole, volti inayohitajika kuuruka huongezeka, na hatimaye cheche huanza kushindwa.

Hapo ndipo injini humisi, kama mafundi wasemavyo, yaani silinda moja hukosa kuwaka kwa zamu yake, gari likatetemeka linaposimama kwenye foleni, likakosa nguvu mlimani na kunywa petroli kupita kawaida. Petroli isiyowaka haipotei bure, bali hutoka na moshi na kwenda kuungulia ndani ya kichujio cha kikemia kilichomo kwenye bomba la moshi, ambacho huweza kupata joto hadi kuyeyuka kwa ndani na kuziba njia, na hapo plagi ya bei ndogo huwa imeharibu kifaa ambacho bei yake ni kubwa mara nyingi zaidi.

Muda ambao plagi huishi hutegemea zaidi madini ya ncha yake. Nikeli huyeyuka katika nyuzijoto 1,455 za Selsiasi, platinamu katika 1,768, na iridiamu katika 2,446, na kwa sababu iridiamu ni ngumu na hustahimili joto hilo, watengenezaji huweza kuchonga ncha nyembamba ya milimita 0.6 au hata 0.4 isiyolika upesi. Plagi ya nikeli kwa kawaida hubadilishwa kati ya kilomita 20,000 na 40,000, ilhali ya iridiamu huweza kufikia kilomita 100,000 au kuzikaribia. Kwa gari ambalo plagi zake hufikiwa kwa taabu, hesabu hii ina uzito wa pekee, kwa maana anayenunua plagi za bei nafuu hujiwekea miadi ya kuirudia kazi ile ile mara tatu au nne, na kwa Subaru uamuzi wa busara ni kununua zinazodumu.

Jambo jingine linalostahili kutajwa katika kipindi cha redio ni kwamba cheche yoyote ya umeme hurusha mawimbi ya redio, na ndiyo sababu redio za magari ya zamani zilikuwa zikitoa mkwaruzo uliopanda na kushuka pamoja na kasi ya injini, hasa katika masafa ya kati. Plagi za kisasa zimewekewa ndani ya kauri kizuizi cha umeme cha takriban omu 5,000 kinachopunguza vurugu hiyo, na katika namba za plagi za kampuni ya NGK kizuizi hicho huonyeshwa kwa herufi R. Plagi isiyo nacho, hata ikiingia vizuri kwenye tundu, huweza pia kuivuruga kompyuta ya injini, kwa hiyo namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari yapasa kufuatwa herufi kwa herufi.

Ugumu wa kuzifikia plagi za Subaru unatokana na umbo la injini yenyewe. Injini hiyo, inayojulikana kama boksa, ina silinda nne zilizolazwa, mbili upande wa kulia na mbili upande wa kushoto, na pistoni zinazokabiliana huenda nje na kurudi ndani kwa wakati mmoja, hivyo mtikisiko wa moja hufuta mtikisiko wa mwenzake. Karl Benz alibuni muundo huo nchini Ujerumani mwaka 1896, Subaru ikauanza katika gari lake la Subaru 1000 mwaka 1966, na injini za ukoo wa EJ, zilizozaliwa pamoja na Legacy mwaka 1989, ndizo zilizomo katika Legacy, Impreza na Forester nyingi zilizoletwa Kenya na Tanzania baada ya kutumika Japani. Nchini Kenya jina la gari hilo lilipandishwa pia na mashindano ya Safari Rally, ambayo Colin McRae aliyashinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wawili wakiendesha Impreza. Injini iliyolala huuweka uzito wa gari chini na kulipa gari uthabiti kwenye kona, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini injini iliyolala ni pana, kwa hiyo vichwa vyake vya silinda hufika karibu kabisa na mihimili ya bodi, na plagi, ambazo hazina budi kukaa kwenye vichwa hivyo, hutazama chuma badala ya kutazama juu.

Silinda huhesabiwa kwa kufuata mtazamo wa aliyekaa kwenye kiti cha dereva: ya 1 na ya 3 zipo kulia, ya 2 na ya 4 zipo kushoto, na zile za mbele ni ya 1 na ya 2. Za nyuma, yaani ya 3 na ya 4, ndizo zinazosumbua, na katika gereji ambako fundi hulipwa kwa kazi wala si kwa saa, plagi zake za zamani ndizo zinazoweza kuachwa mahali pake huku mwenye gari akilipia plagi nne mpya. Si kila fundi hufanya hivyo, na ingekuwa dhuluma kuwatia wote katika kapu moja, lakini hali ya kazi yenyewe huvuta upande huo, kwani foleni ya magari inangoja nje na mteja hawezi kuona kilichofanyika ndani ya tundu lenye giza. Mwenye gari anayefanya kazi hiyo nyumbani hana ujuzi wa fundi, ila ana muda, na kwa kazi ya namna hii muda una thamani kuliko wepesi wa mkono. Hata asiyetaka kuifanya mwenyewe ana haki ya kudai plagi zote nne za zamani azione, zikiwa zimepangwa kwa namba za silinda zilikotoka.

Kazi hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa, ikiwezekana asubuhi kabla gari halijawashwa, kwa sababu vichwa vya silinda ni vya alumini, na hesi za alumini, ambazo ni laini kuliko chuma cha plagi, huchubuka kwa urahisi zaidi zikiwa na joto. Kabla ya kugusa plagi yoyote hutafutwa nafasi, na hapa wengi hukosea kwa kutaka kupenyeza mkono bila kuondoa chochote. Upande mmoja betri hufunguliwa na kutolewa, waya hasi ukitangulia ili spana isije ikagusa bodi na kupiga shoti, na upande wa pili boksi la chujio la hewa pamoja na bomba lake huondolewa. Katika baadhi ya matoleo tangi la maji ya kuoshea kioo nalo hulegezwa na kusogezwa. Hatua hii huchukua muda kidogo, lakini huufungua upenyo mzima wa ubavuni, na anayeiruka huulipa muda huo maradufu kwa vidole vilivyochubuka. Wapo wanaoziachia hata nguzo za injini na kuiinua kwa jeki ili kupata upenyo zaidi, njia ambayo hutumiwa hasa kwa injini zenye turbo, lakini nyumbani, penye jeki moja ya gari na sakafu isiyo sawa, hatari yake ni kubwa kuliko faida.

Plagi za injini hizi ni za hesi ya milimita 14 na hufunguliwa kwa soketi maalumu ya milimita 16, yenye mpira au sumaku ndani ya kuishika plagi isidondoke. Soketi huunganishwa na mpini wa ratcheti, ambao huzungusha upande mmoja na kurudi bila kulegeza, kupitia vyuma vya kurefushia. Chuma kimoja kirefu hakitoshi kuingia, kwa kuwa mhimili wa bodi hukizuia kabla hakijanyooka na tundu, hivyo siri ya kazi yote ni kutumia vyuma viwili vifupi, soketi na chuma cha kwanza vikiingizwa ndani ya tundu peke yake, kisha cha pili kikaunganishwa pale pale, na mpini ukaja mwisho. Kiungo kinachopinda husaidia pia, mradi kikae nje ya tundu karibu na mpini, kwani kikipinda ndani huisukuma soketi upande na kuivunja kauri ya plagi. Maungio ya vyuma na soketi yafungwe kwa utepe wa gundi, la sivyo mpira wa ndani utaing'ang'ania plagi na soketi itabaki tunduni baada ya chuma kutoka, na kuitoa humo ni kazi nyingine mpya.

Nyaya za plagi huchomolewa moja moja, plagi ikabadilishwa na waya ukarudishwa, ndipo unapoguswa mwingine, kwa maana nyaya mbili zilizobadilishana nafasi huweza kuifanya injini igome kuwaka au iwake kwa kupigapiga. Kinachoshikwa ni kofia ya mpira iliyo mwishoni, wala si waya wenyewe, na kofia huzungushwa kidogo huku na huku kabla ya kuvutwa, kwani joto la miaka huigandisha kwenye kauri. Baada ya kofia kutoka, na kabla plagi haijalegezwa, tundu hupulizwa hewa, hata kwa pampu ya baiskeli, huku macho yamekingwa kwa miwani. Kwa magari yanayopita barabara za vumbi hatua hii haina hiari, kwa sababu mchanga uliotuama kuizunguka plagi huanguka ndani ya silinda mara plagi inapotoka, na pistoni ikausaga ukutani.

Plagi iliyokaa miaka mingi hulegea kwa mlio mfupi, kisha huzunguka kwa wepesi. Ikiwa baada ya kulegea inakuwa nzito tena, au inalia kwa kila robo ya mzunguko, ni dalili kwamba masizi au kutu imeingia kwenye hesi, na kuendelea kuilazimisha ni kuing'oa alumini pamoja nayo. Hapo hurudishwa ndani kidogo, hutiwa mafuta ya kulegeza kutu, ikaachwa saa kadhaa au usiku kucha, kisha huchezwa mbele na nyuma, kila safari ikisogea kidogo zaidi. Uvumilivu huu ndio unaokosekana gerejini, na hesi ngapi zimeharibika kwa kukosekana kwake! Hesi ikishakatika, kichwa cha silinda huhitaji kutobolewa upya na kupachikwa hesi ya chuma, kazi ambayo katika Subaru mara nyingi hulazimu injini ishushwe.

Kurudisha plagi mpya kunadai uangalifu kuliko kuitoa, kwa kuwa tundu halionekani na mkono haufiki. Njia bora ni kuivalisha plagi kipande cha mpira wa petroli kwenye kichwa chake na kuizungusha kwa mpira huo. Ikiingia sawa hufuata hesi kwa ulaini mizunguko kadhaa, na ikiingia mshazari mpira huteleza juu ya kauri kabla hesi haijaumia, jambo ambalo soketi na mpini wa chuma haviwezi kumjulisha mtu mpaka madhara yawe yamekwisha kutendeka. Mkazo wa mwisho unaotajwa na watengenezaji wa injini za EJ ni takriban nyutoni-mita 21, unaopimwa kwa spana ya kupimia mkazo. Asiye na spana hiyo hukaza kwa vidole kupitia vyuma vya kurefushia mpaka washa, yaani pete ya chuma, ya plagi mpya iguse, kisha huongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili, akijua kwamba plagi ya zamani inayorudishwa, ambayo washa yake imekwisha kubonyea, huhitaji sehemu ndogo tu ya mzunguko. Grisi ya kuzuia kugandamana haipakwi kwenye hesi za plagi zilizopakwa madini kiwandani, kwani utelezi wake humfanya mtu akaze kupita kiasi bila kujua. Panapofaa grisi, ile ya silikoni, ni ndani ya kofia ya mpira tu.

Plagi zilizotoka zisitupwe kabla ya kusomwa, na sehemu hii ndiyo yenye manufaa makubwa kuliko zote, hata kuliko plagi mpya zenyewe. Ncha ya rangi ya kijivu au hudhurungi hafifu huonyesha silinda inayowaka vyema. Masizi meusi makavu huonyesha petroli iliyozidi hewa, pengine kwa sababu ya chujio la hewa lililoziba. Weupe uliovimba malengelenge huonyesha joto lililopita kiasi. Na mafuta meusi yanayong'aa kwenye ncha huonyesha kwamba oili inaingia mahali pa moto kupitia ringi za pistoni au valvu. Lakini Subaru za aina hii zina oili nyingine ambayo haina budi kutofautishwa na hiyo, nayo ni ile inayokutwa juu ya plagi, ndani ya tundu, ikiwa imeilowesha kofia ya waya huku ncha ya chini ikiwa kavu na safi. Oili hiyo haitoki ndani ya silinda, bali imevuja kupitia pete za mpira zinazolizunguka tundu kwenye kifuniko cha valvu, na dawa yake ni pete hizo na gasketi ya kifuniko. Inasikitisha kwamba wapo wenye magari waliokwisha kuambiwa injini imechoka na yafaa inunuliwe nyingine, wakati kilichohitajika ni mipira ya bei ndogo. Anayeitoa plagi kwa mkono wake na kuiona sehemu gani imelowa hawezi kuuziwa hofu hiyo.

Ununuzi nao una mitego, kwa sababu plagi za NGK na Denso ni miongoni mwa vipuri vinavyoigwa sana, na bandia zake huwekwa katika maboksi yanayofanana kabisa na ya halali. Kauri iliyochapwa maandishi yanayofutika kwa kidole, kijiti kisichokaa sawa juu ya ncha, hesi zenye makovu na washa inayodondoka yenyewe ni ishara za kutosha kuikataa. Namba ya kiwango cha joto nayo yahitaji kuangaliwa. Kwa NGK na Denso namba kubwa humaanisha plagi inayopoza haraka zaidi, ilhali kwa Bosch ni kinyume chake, na 6 ya NGK hulingana na 20 ya Denso, kwa hiyo muuzaji anayelinganisha tarakimu tupu huweza kutoa plagi isiyostahili bila nia mbaya.

Baada ya betri na boksi la hewa kurudishwa, injini huwashwa na kuachwa iungurume gari likiwa limesimama, na dakika za mwanzo muungurumo huweza kuyumba kwa sababu kompyuta ilipoteza kumbukumbu zake betri ilipotolewa. Ikiwa bado inamisi na kisomeo cha kompyuta kinaonyesha P0304, maana yake ni silinda ya 4. Plagi ya silinda hiyo huhamishiwa ya 2, iliyo mbele yake upande huo huo, na ile ya 2 ikahamia ya 4. Namba ikibadilika kuwa P0302, kosa limesafiri na plagi, nayo irudishwe dukani. Ikibaki P0304, hujaribiwa waya wake, na waya nao ukithibitika kuwa mzima, kosa limo kwenye koili, kwenye pua ya petroli, kwenye valvu au kwenye mgandamizo wa silinda yenyewe, mambo ambayo hupimwa kwa vifaa vya gereji, na mwenye gari humpelekea fundi plagi zake nne za zamani pamoja na namba ya silinda iliyo na kasoro.